Nani Ataongoza Mabadiliko Katika Shule Zetu?

(Yafuatayo ni maneno ya hotuba iliyosomwa Ngoliba, katika Thika Mashariki, mbele ya wazazi, waalimu na wazee wa halmashauri ya shule. Tumeyapiga chapa kwa kuwa jambo lililozungumzwa huko lawahusu wasomaji wetu wote, wa mashambani na wa mijini.)



Nimeombwa niseme machache juu ya mabadiliko ya elimu, na juu ya wale wapaswao kuyaongoza. Mimi si mwalimu. Mimi ni mfasiri wa Serikali. Waraka ukitoka ofisini kwa Kiingereza huwekwa mezani pangu, nami huugeuza uwe Kiswahili ili usomwe na watu wote. Labda mwashangaa kwa nini mtu wa kazi hiyo aje kuwasemesha habari za shule. Basi nitawaeleza kisa kilichonileta, na kisa chenyewe si cha kunipatia sifa.

SWALI LA MAMA MMOJA

Si zamani sana nilifasiri tangazo la kuwaeleza wazazi habari za mtaala mpya, hasa habari za watoto wa Gredi ya 9 ambao hutakiwa kuchagua njia watakayoifuata katika sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 mpaka ya 12. Njia hizo ni tatu. Ya kwanza ni ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Ya pili ni ya sayansi za jamii. Na ya tatu ni ya sanaa na michezo. Nilijitahidi sana katika kazi ile. Niliandika "umilisi", nikaandika "tathmini", nikaandika "mikondo ya masomo". Nikaisoma kazi yangu mara mbili, nikaridhika nayo.

Baadaye nilihudhuria mkutano wa wazazi ambapo tangazo lile lilisomwa. Lilipokwisha, mama mmoja akasimama. Alikuwa ametoka shambani, na udongo ulikuwa bado miguuni pake. Akasema, "Bwana, maneno yote nimeyasikia. Nieleze jambo moja tu. Mwanangu apenda sayansi. Shule iliyo karibu nasi, ambayo naweza kuilipa, haina chumba cha kufanyia sayansi. Akichagua sayansi, atakwenda wapi? Na akichagua njia nyingine kwa sababu ya umaskini wangu, mlango huo atafunguliwa tena lini?"

Sikuwa na jibu. Mwalimu aliyelisoma tangazo naye hakuwa na jibu. Watu walinyamaza, kisha tukaendelea na shauri la uzio wa shule. Lakini nilirudi nyumbani nikijua ya kuwa nimefasiri kila neno, na jambo lenyewe sikulifasiri. Waraka ulikuwa umefika kwa mama yule. Mabadiliko hayakuwa yamefika.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali moja, nalo ndilo nililowaletea leo. Mabadiliko ya shule yanapokuja, nani huyaongoza? Wengi watajibu, "Ni Wizara," kwa kuwa Wizara ndiyo yenye kutoa amri. Ni kweli kwamba amri hutoka huko. Lakini nikitazama mambo yaliyotokea katika nchi yetu kwa karibu miaka mia, naona ya kuwa kiongozi wa mabadiliko ni yule anayekubali kuulizwa swali kama la mama yule kabla ya kazi kuanza, wala haendi zake mpaka amelijibu. Na mtu wa namna hiyo aweza kuwa mwalimu wa kijijini, aweza kuwa mzee wa halmashauri, aweza kuwa mzazi.

WAZEE WA GITHUNGURI

Wapo wanaodhani kwamba mabadiliko ya shule ni habari ya juzi. Sivyo. Hapa hapa katika Kiambu babu zetu waliyaongoza bila ya kuamriwa na mtu.

Katika mwaka wa 1929 kulitokea magombano makubwa kati ya misheni kadhaa na wazazi wa Kikuyu kwa ajili ya tohara ya wasichana. Watu wengi waliziacha shule za misheni. Kisha, mwaka wa 1934, kikaundwa chama cha shule za Wakikuyu za kujitegemea, kilichojulikana kwa herufi zake KISA. Wazazi walitaka elimu zaidi kwa watoto wao, tena walitaka wawe na sauti katika shule wanazozitolea fedha.

Walijenga shule, lakini punde wakatambua upungufu wao: kuta zilikuwapo, waalimu waliofundishwa kazi hawakutosha. Hawakuficha jambo hilo. Januari 1939 wakafungua chuo cha waalimu Githunguri, chini ya Peter Mbiyu Koinange, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Marekani. Fedha za chuo kile zilichangwa na watu wenyewe, rika kwa rika, na kila rika likaona haya kushindwa na jingine. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka wa 1952, chuo kilifungwa na Serikali ya kikoloni. Lakini mafundisho yake hayakufungwa.

Mafundisho hayo ni haya: mtu aliyeulizwa maoni yake hutoa mchango wake kwa moyo. Wale wazee hawakuwa matajiri kutushinda. Walikuwa na neno moja tu ambalo sisi mara nyingi hatuna, nalo ni kwamba kila aliyechanga alijua anachanga kwa ajili ya nini.

Na hapa mjini Thika upo mfano mwingine. Mwaka wa 1946 Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya vipofu, wakati ambapo watu wengi waliona ya kuwa mtoto asiyeona hana la kufanya ila kukaa nyumbani na kulishwa. Watoto waliosoma kwa vidole vyao, wakipapasa nukta za karatasi, waliwafundisha watu wazima jambo ambalo hakuna waraka ungaliweza kuwafundisha. Mabadiliko mema ya elimu mara nyingi huanza kwa kumtazama mtoto aliyeachwa nje ya mlango.

KARAKANA ZA MWAKA WA 1985

Sasa nitazame upande wa pili, maana hotuba yenye sifa tupu haimfai mtu.

Wengi wenu mliopo mlisoma katika mpango wa 8-4-4, au mliwasomesha watoto humo. Mpango ule ulitokana na shauri la kamati ya mwaka wa 1981 iliyoongozwa na Mackay, mtu wa Kanada, nao ukaanza Januari 1985. Nia yake ilikuwa njema. Mtoto amalizapo shule asiwe mtu wa kusubiri kazi ya ofisini tu. Awe na ujuzi wa mikono, aweze kuchonga mbao, kushona nguo, kulima kwa maarifa na kujitegemea.

Lakini nia njema bila ya vyombo ni kama jembe lisilo na mpini. Wazazi waliambiwa wajenge karakana na vyumba vya sayansi kimu. Walichanga. Wengine waliuza mbuzi, wengine waliuza kuku. Nyumba zilijengwa, zikaezekwa kwa mabati. Kisha katika shule nyingi randa hazikuja, misumeno haikuja, na mwalimu aliyejua kuvitumia vyombo hivyo hakuja. Masomo nayo yalikuwa mengi kupita kiasi, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalipopunguzwa, na yale ya mikono yakaondolewa katika mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Karakana si chache ziligeuka kuwa ghala za madawati mabovu. Je, mzee aliyeuza mbuzi wake, nani alikwenda kumweleza?

Nasema hivi bila ya kuwalaumu watu wa zamani. Najua mzazi aliyechanga mara moja akaona mchango wake umegeuka ghala, atakapoitwa mara ya pili atakuja taratibu. Tusimwite mkaidi. Ana kumbukumbu.

MILANGO ILIPOFUNGULIWA

Januari 2003, Serikali ya Rais Mwai Kibaki iliondoa karo katika shule za msingi. Kibaki mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa Mang'u, shule inayojulikana na kila mtu wa upande huu wa Thika. Watoto walifurika. Hesabu ya wanafunzi wa shule za msingi, iliyokuwa karibu milioni 5.9 mwaka wa 2002, ilipita milioni 7 kwa muda mfupi. Watoto waliokuwa wakichunga mbuzi na wakichota maji saa za masomo walionekana wakibeba madaftari.

Ilikuwa furaha kubwa, nami sitamsikiliza mtu anayesema ilikuwa makosa. Lakini mwalimu aliyekuwa na wanafunzi arobaini alijikuta na themanini, na wengine hata mia. Watoto watatu walishika kitabu kimoja. Mlango ulikuwa umefunguliwa, lakini viti vya kukalia vilibaki vile vile. Ilitulazimu tujifunze polepole ya kuwa kumwingiza mtoto darasani ni kazi moja, na kumfundisha mpaka ajue ni kazi nyingine.

KITABU KIMOJA KWA MTOTO MMOJA

Jambo hilo la pili lilifanywa vema katika mpango uitwao Tusome. Yafaa niueleze, kwa kuwa watu husahau mambo mazuri upesi kuliko mabaya.

Ilikuwa imeonekana ya kuwa watoto wengi walifika madarasa ya juu bila ya kuweza kusoma hadithi fupi. Basi, kuanzia mwaka wa 2011, ikajaribiwa njia mpya ya kufundisha kusoma, kwanza katika shule chache tu. Iliendeshwa, ikapimwa, ikasahihishwa. Ilipoonekana kuwa inafaa, ndipo mwaka wa 2015 ikapelekwa katika shule za msingi za Serikali nchini kote, katika madarasa ya kwanza na ya pili. Kila mtoto alipewa kitabu chake mwenyewe, cha Kiswahili na cha Kiingereza. Mwalimu alipewa kitabu cha kumwongoza somo kwa somo. Tena, na hili ndilo kubwa, walikuwapo watu waliomtembelea mwalimu darasani, wakaketi nyuma, wakamsikiliza akifundisha, wakawasomesha watoto wachache, kisha wakazungumza naye kirafiki juu ya lililokwenda vizuri na lililokwenda vibaya. Walipopimwa, watoto wa madarasa hayo walionekana kusoma vizuri zaidi kuliko wale waliowatangulia.

Hapakuwa na uchawi wowote. Jambo lilijaribiwa kabla ya kuenezwa, vyombo vilifika, na mwalimu hakuachwa peke yake.

MWALIMU WA NJORO

Mtu mmoja ataniambia, "Hayo ni mambo ya fedha nyingi. Sisi wa Ngoliba tufanyeje?"

Nitamjibu kwa habari ya Ndugu Peter Tabichi. Huyu ni mwalimu wa hisabati na fizikia, naye mwaka wa 2019 alipewa Dubai tuzo la ulimwengu la waalimu, lenye thamani ya dola milioni 1. Alikuwa akifundisha katika shule ya Keriko, sekondari ya kutwa katika kijiji kiitwacho Pwani, upande wa Njoro, Nakuru. Nchi ile hupata ukame na njaa, na wanafunzi wengi walitoka katika nyumba maskini, wengine wakiwa yatima. Shule ilikuwa na kompyuta moja tu, na intaneti yake ilikuwa ya kubahatisha. Basi mwalimu alikwenda kwenye maduka ya intaneti, akachukua mafunzo huko, akayaleta darasani. Alianzisha chama cha wanafunzi cha kukuza vipaji, na wanafunzi wake wakatengeneza vyombo vya sayansi vilivyowapeleka katika mashindano ya nchi na hata ya nchi za nje. Na mwanafunzi alipoelekea kuacha shule, mwalimu alifunga safari kwenda nyumbani kwao.

Hilo la mwisho ndilo lililonigusa. Kompyuta aweza mtu kuiona katika picha na kuisifu. Lakini mwalimu akipiga hodi mlangoni pa mzazi jioni, akaketi juu ya kigoda, akaulizwa maswali yote aliyonayo mzazi, huo ndio uongozi wa mabadiliko, wala hauhitaji umeme.

MTAALA WA SASA

Sasa tufike kwenye jambo lililo mbele yetu. Mtaala wa umilisi ulianza kujaribiwa mwaka wa 2017, na Januari 2019 ukaanza nchini kote katika madarasa ya chini. Maana ya neno hilo "umilisi", ambalo nimeliandika mara nyingi na huenda nimewachosha nalo, ni hii tu: mtoto apimwe kwa yale awezayo kuyatenda kwa elimu yake, pamoja na yale aliyoyakariri. Ni shabaha njema. Kila mkulima aijua, maana hakuna anayempa mtu shamba kwa sababu amekariri majina ya mbegu.

Lakini twakumbuka sote jinsi ulivyoingia. Mtoto alirudi nyumbani saa kumi na moja akasema, "Mama, kesho natakiwa nilete picha ishirini zilizopigwa chapa." Mama huyo hana mashine, na duka lenye mashine liko mjini. Wazazi wengi walilalamika kwamba kazi ya mtoto imekuwa kazi ya mzazi na mfuko wake. Waalimu nao walipata mafunzo ya siku chache, wakatakiwa wageuze mambo waliyoyafanya miaka ishirini.

Septemba 2022 Rais aliteua kamati chini ya Profesa Raphael Munavu, nayo ikazunguka nchini ikisikiliza maoni ya watu. Watoto wa Gredi ya 7 walipoanza Januari 2023, waliwekwa katika majengo ya shule za msingi. Jambo hilo liliwapunguzia wazazi gharama na kuwaweka watoto wadogo karibu na nyumbani. Lakini shule nyingi za msingi hazikuwa na maabara, na waalimu waliosomea masomo ya sekondari hawakutosha. Kundi hilo la kwanza lilifanya mtihani wa Gredi ya 9 mwaka wa 2025, likaingia Gredi ya 10 Januari 2026.

Ilikuwa vema kamati ile kusikiliza. Lakini mengi ya maswali iliyoyasikia, wazazi walikuwa wakiyauliza wao kwa wao kisimani na sokoni tangu mwaka wa 2019. Kuuliza si ujinga. Na kuchelewa kujibu kuna gharama yake, na mwenye kuilipa ni mtoto.

MAMBO MANNE

Nimekwisha eleza ya nyuma. Sasa natoa mashauri manne kwa shule hii na kwa shule nyingine zilizo kama hii.

La kwanza: elezeni kabla ya kuanza, tena kwa lugha ya nyumbani. Hapa Ngoliba wengine husema Kikuyu nyumbani, wengine Kikamba, na wote twakutana katika Kiswahili. Jambo jipya likija, lisisomwe tu kutoka karatasini. Mwalimu alieleze, kisha amwombe mzazi mmoja asimame alieleze tena kwa maneno yake mwenyewe. Akishindwa, kosa si lake. Mwenye kueleza na aanze upya. Nasema hivyo mimi ambaye karatasi ndizo chakula changu.

La pili: jaribuni kidogo kidogo, mkapime. Nilipokuwa katika shule ya sekondari ya misheni, alikuja mwalimu kijana wa historia. Desturi ilikuwa mwalimu aandike ubaoni nasi tunakili mpaka kengele. Yeye akataka tujadiliane kwa makundi. Tulimkataa! Tulikuwa kidato cha tatu, twaogopa mtihani, tukamwandikia Mwalimu Mkuu barua ya kulalamika. Kijana yule hakutukasirikia wala hakuacha shauri lake. Alikuja darasani na barua yetu mkononi, akasema, "Nipeni siku moja tu katika juma, siku ya Ijumaa. Siku nyingine tutanakili kama mnavyotaka. Mwisho wa muhula nitawapa mtihani wa mambo ya Ijumaa na wa mambo ya siku nyingine, nanyi mtaamua." Matokeo yalipotoka, sisi wenyewe tuliomba Jumatano pia. Mtu yule hakutushinda kwa amri. Alitupa nafasi ya kuhukumu.

La tatu: hesabuni gharama kwa kumtazama mwenye kipato cha chini kabisa. Kila kazi atakayopewa mtoto aende nayo nyumbani, mwalimu ajiulize: je, mtoto wa kibarua wa shamba la mananasi aweza kuifanya kwa vitu vilivyopo kwao? Kama hawezi, ibadilishwe. Udongo upo, majani yapo, kamba za mkonge zipo, mawe yapo, na mlima wa Kilimambogo u mbele ya macho yetu kila asubuhi. Mtoto aweza kupima kivuli cha mti, kuhesabu siku za mvua na kuandika alivyoambiwa na bibi yake kuhusu mbegu za zamani. Hayo hayahitaji mashine ya kupiga chapa.

La nne: msimwache mwalimu peke yake. Mwalimu Mkuu aingie madarasani, aketi nyuma kama mgeni mwema wala si kama askari wa upelelezi. Waalimu wawili wafundishane. Nao wazazi wajue ya kuwa mwalimu anayejaribu jambo jipya huenda akakosea mara ya kwanza. Akikosea na akakiri, asichekwe sokoni. Mtu anayechekwa kila akijaribu ataacha kujaribu, na watoto wenu ndio watakaobaki wakinakili ubaoni.

JIBU

Nimalizie pale nilipoanzia.

Baada ya mkutano ule niliona aibu, na aibu ikinishika hunifanyisha kazi. Nilikwenda kwa waalimu wakuu wa sekondari zinazofikika kwa gari kwa siku moja kutoka kwa mama yule, na kwa wengine nilipiga simu. Niliuliza mambo manne tu: shule yenu ina njia zipi kati ya zile tatu? Ina maabara inayotumika, au ina chumba kilichoandikwa "maabara"? Gharama yote kwa mwaka ni shilingi ngapi, pamoja na sare na chakula? Na mtoto akitaka kubadili njia, aende kwa nani? Majibu niliyaandika katika ukurasa mmoja, kwa mistari, kwa maneno mafupi. Neno "umilisi" halimo.

Nilirudi kwa yule mama baada ya majuma matatu. Alinikaribisha nikaketi, akamwita mwanawe, tukausoma ukurasa ule sote watatu. Siwezi kuwaambia kwamba shida yake iliondoka. Shule mbili zilikuwa na sayansi ya kweli, na zote mbili zilikuwa ghali kuliko uwezo wake. Katika moja ya hizo alielezwa mahali pa kuombea msaada wa karo. Na kuhusu kubadili njia, nilichompa ni jina la ofisi ya kuuliza. Jibu langu lilikuwa nusu jibu. Lakini mtoto aliukunja ukurasa ule, akautia ndani ya daftari lake, na mama akaniambia, "Sasa najua ninachopigania."

Bwana Mwalimu Mkuu, ukurasa kama ule hauna gharama kubwa. Nawaomba ninyi na wazee wa halmashauri mwandike wa kwenu, muubandike ukutani nje ya ofisi, mahali ambapo mama aliyetoka shambani aweza kuusoma bila ya kubisha mlango; na kila mwaka mwusahihishe. Na ninyi wazazi, msipouona ukutani, uulizeni. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Ulizeni kwa adabu, lakini msiache kuuliza.

Mabadiliko mengine yatakuja, maana hakuna mtaala uliopata kudumu milele, na waraka utawekwa tena mezani pangu. Nawaahidi kwamba nitakapoufasiri nitamkumbuka mama yule amesimama na udongo miguuni, na sitauita umekwisha mpaka niwe na jibu la kumpa.